Nywele za Mzee Reino

Lorna Kangas ni mtu wa kuona aibu. Wengine huzaliwa na alama shavuni. Yeye alizaliwa na aibu. Akipiga chafya kanisani humwomba radhi aliyekaa mbele, aliyekaa nyuma, na nadhani angemfuata hata mchungaji madhabahuni kama miguu ingemruhusu. Tumepika pamoja katika jiko la shule hapa Kivela tangu kichwa changu hakijaota mvi hata moja, na sijamwona akila kabla mtoto wa mwisho hajarudisha sahani, ati watu wasije wakasema tunakula vya watoto. Nani aseme? Lakini Lorna huwaona hao watu kila mahali, wamejipanga mstari, wanamtazama.

Aibu hiyo hakuiokota njiani, ni ya kwao. Baba yake, mzee Reino, alikuwa fundi wa malori ya magogo mpaka magoti yalipomgomea. Gari lako likizimika kwenye theluji, yeye ndiye aliyekuja kulivuta, na ukimpelekea mkate wa iliki kumshukuru, kesho yake unakuta kuni zimepangwa mlangoni pako, tena za kupasuliwa vizuri. Kwake kupokea kitu bila kurudisha kulikuwa sawa na kutembea uchi barabarani. Na nisimsingizie peke yake. Huku kwetu Michigan ya juu, kaskazini mwa Marekani, sisi wajukuu wa Wafini waliokuja kutoka Ufini, ndivyo tulivyo. Tunatoa kwa mikono miwili na kupokea kwa ncha za kucha.

Saratani ya damu ilimwingia mzee kimyakimya. Ni ile ya taratibu, ambayo daktari anakuambia unayo, halafu anakuambia rudi nyumbani, tutaitazama. Wakaitazama miaka. Reino akaendelea kupasua kuni na kuvua samaki kwenye tundu la barafu, sisi tukasahau kwamba anaumwa. Halafu majani yalipoanza kupukutika mwaka ule, tezi za shingo zikavimba mpaka kola ya shati ikakataa kufungwa. Siku moja Lorna akamkuta amesinzia ndani ya sauna, kile kibanda cha kuoga mvuke, katikati ya mvuke wote ule, mdomo wazi. Daktari akasema sasa kutazama kumekwisha. Zikaanza dripu za kemo, siku mbili mfululizo kila mwezi, mpaka majira ya kuchipua.

Hospitali iko mjini, mwendo wa saa mbili barabara ikiwa safi, na huku barabara huwa safi mwezi wa Julai. Lorna ndiye aliyeendesha. Alikuwa amerudi kuishi kwa baba yake tangu mumewe alipohamia kusini na mwanamke wa kuuza boti. Mtoto mwingine Reino hakuwa naye. Kulala mjini hawakuweza, kwa hiyo walikwenda na kurudi siku zote mbili, mzee amejifunika blanketi kiti cha nyuma, anatetemeka kwa dawa, na Lorna kang'ang'ania usukani macho yamemtoka. Siku hizo hakulipwa, maana jiko la shule halina likizo ya kuuguza mzazi. Bima ya wazee ilibeba sehemu kubwa ya gharama. Ile iliyobaki ndiyo iliyokuwa inakaa nao mezani wakila.

Reino aliiona inavyokaa. Asubuhi moja akaweka kikombe chini.

"Sikiliza, Lorna. Nyumba hii siiuzi kwa ajili ya damu ya mzee. Siku wakinibana niiuze, naacha dawa. Nakaa hapa na kahawa yangu, basi."

"Baba, usianze."

"Sianzi. Namaliza."

Na Reino hakuwa mtu wa kutisha bure. Akisema ataacha, ataacha. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba akimaliza dripu zote huenda akapata miaka mizuri, na akikatiza njiani asitegemee kufika kipindi cha kuvua samaki cha mwaka unaofuata. Lorna akawa anaishi na hofu hiyo moja: kwamba baba yake atakufa kwa sababu wao wawili hawajui kuomba.

Ndipo Ardis Heikkinen alipotokea kwenye mlango wa nyuma wa jiko la shule. Ardis ndiye mkuu wa akina mama wa kanisa, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya ziwa.

"Lorna! Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunauza pasti kwa ajili ya baba yako. Usinijibu, sijakuuliza."

"Mama Ardis, jamani, watu wenyewe hali zao ngumu..."

"Nimesema sijakuuliza. Wewe lete picha ya mzee ya kubandika kwenye kopo." Akanigeukia mimi. "Na wewe utakanda. Na karoti usitie, mwaka jana nilikuona."

Pasti ni unga uliokunjwa kama sambusa ya mtu mwenye njaa kali, ndani nyama, viazi na vitunguu. Kuhusu karoti tumegombana tangu enzi za babu zetu na leo sitaki kuingia huko. Mtu akiugua hapa kwetu, akina mama hukanda, mji mzima hununua, hata wale ambao wangependa kitu kingine. Wiki chache kabla, kopo la mchango hukaa dukani likiwa na picha ya mgonjwa. Na siku yenyewe mgonjwa huketi mezani karibu na mlango wa ukumbi wa kanisa, watu wampitie wakimsalimu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Lakini mgonjwa asipoonekana, watu huondoka wakihisi wamenunua chakula tu.

Lorna akatoa picha ya karibuni. Reino amesimama mbele ya rundo la kuni, kichwa wazi, nywele nyeupe nzito kama manyoya ya kondoo. Zilikuwa nywele za kumtamanisha kijana. Nesi alikuwa amewaambia tangu siku ya kwanza, "Dawa yako hii haina ugomvi na nywele, mzee. Wengi wanabaki nazo." Reino akafurahi kidogo. Lorna hakulitia hilo akilini, alikuwa na mengine ya kuwaza.

Tatizo halikuanzia kwenye picha, lilianzia kwenye sauna. Kwa Reino kila Jumamosi wanaume wa jirani walikuwa wanakuja kuoga mvuke, na wa kwanza kufika siku zote alikuwa Ruben Pelkonen, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa na meno. Dripu zilipoanza, nesi akakataza mikusanyiko: chembe nyeupe za damu zimepungua, mafua ya mwenzako yanaweza kukupeleka kaburini. Mtu mwingine angewaeleza hivyohivyo. Lorna wangu, kwa kuona aibu kumwambia mtu mzima kwamba pumzi yake ni hatari, akasimama mlangoni akamwambia Ruben, "Sauna imefungwa," akafunga mlango. Wala hakusema kwa sababu gani. Ruben akarudi kwao na taulo begani.

Kwetu kufungiwa sauna si jambo la kuchekea.

Siku chache baadaye Lorna aliingia dukani kununua maziwa. Alikuwa nyuma ya rafu ya unga aliposikia sauti ya Ruben pale kwenye kaunta, mbele ya kopo la baba yake.

"Nywele zote zile! Kaka yangu alipopigwa kemo alibaki kama yai. Mpaka kope zilitoka. Huyu anapasua kuni, kichwa kama simba."

"Hata mimi nimeshangaa," ikajibu sauti nyingine, na sauti ya Ardis haifichiki hata ikinong'ona. "Nilimwona posta juzi. Nikajiuliza, ndiyo mgonjwa huyu?"

"Sisemi anadanganya."

"Mimi pia sisemi."

"Lakini watu watasema. Watanunua pasti, halafu watamwona pale mlangoni na nywele zake, watasema nini?"

Lorna aliniambia baadaye kwamba masikio yalimwaka moto kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa anasengenya. Angeweza kutokea pale na kusema maneno matatu: dawa haitoi nywele. Ruben angechekacheka, Ardis angepiga kelele, mambo yangekwisha. Hakuweza. Aliona akianza kueleza ataonekana anajitetea, na anayejitetea ana lake jambo. Akakaa nyuma ya unga mpaka walipotoka, kisha naye akatoka bila maziwa.

Alipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kabatini, akatoa mashine ya kunyolea aliyoiacha mumewe. Reino alikuwa jikoni anasoma gazeti.

"Baba," akasema, "nafikiri tukunyoe kabla ya Jumamosi."

Mzee akapitisha mkono kichwani, akautazama. Kiganjani hakukuwa na unywele hata mmoja.

"Mbona hazidondoki?"

"Najua hazidondoki."

Reino akamtazama binti yake. Lorna akatazama sakafu. Hakumwambia alichosikia dukani, na mzee hakuuliza. Alikunja gazeti, akavua miwani akaiweka juu yake, akavuta kiti katikati ya jikoni na kukaa.

"Usinikate sikio," akasema. "Nalitumia."

Zikaanguka begani na mapajani, nyingi, nyeupe, na Lorna akawa anazifuta haraka kana kwamba kuna mtu angeingia. Alipomaliza, kichwa cha baba yake kilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia. Kilikuwa na doa la kuzaliwa nyuma ambalo hakuwahi kulijua. Baba yake alikuwa mgonjwa kwelikweli, na yeye alikuwa amemfanya aonekane mgonjwa wa kuigiza. Alifagia zile nywele, akazitia kwenye jiko la kuni, na nyumba nzima ikanuka mpaka kesho yake.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Mimi nilikuwa nyuma jikoni na unga mpaka kwenye viwiko, sikuona kitu zaidi ya pasti na mgongo wa Ardis. Lakini najua Reino aliketi mezani karibu na mlango kama desturi, barakoa puani na mdomoni, sharti nesi alilowapa ndipo akamruhusu, kofia ameivua kwa heshima ya nyumba ya Mungu, kichwa kinang'aa chini ya taa. Lorna alisimama nyuma yake. Kila aliyeingia alimtazama mzee, kisha akamtazama Lorna, kisha akainamisha macho. Lorna akaona ni huruma. Pasti ziliisha kabla ya saa sita mchana. Ruben Pelkonen peke yake alinunua za kulisha ukoo, naye ni mjane mwenye paka mmoja.

Ardis akamletea Lorna bahasha na kumkumbatia mpaka mbavu zikalia. "Mzee atamaliza dawa zake," akasema. "Umenisikia? Atamaliza."

Kweli ilitosha kuwavusha mwezi ule na uliofuata, na kopo likabaki dukani kwa ajili ya miezi iliyosalia. Ungedhani Lorna angepumua. Lakini nywele za Reino, hizo zilizokuwa hazina ugomvi na dawa, zilianza kurudi. Baada ya wiki mbili kichwa kilikuwa kama brashi. Reino alipenda kwenda posta mwenyewe, dukani mwenyewe, na Lorna akaanza kuhesabu macho ya watu. Wakiona zimerudi watasema amepona, kopo litaondolewa. Au watasema mbaya zaidi. Akatoa mashine tena.

Ikawa ndio mtindo wa majira yote ya baridi. Kila nywele zilipoanza kuonekana, kiti kilivutwa katikati ya jikoni. Mara ya kwanza Lorna aliomba. Mara ya pili alisema tu, "Baba, kesho Jumapili." Ikafika wakati akiingia jikoni anamkuta mzee amekwisha kukaa, taulo shingoni, mashine imechomekwa ukutani, anamsubiri. Hakulalamika hata mara moja. Huko nje baridi ilikuwa ya kupasua mawe, na mzee mwenye damu dhaifu alitembea na kichwa kama kisigino.

Lorna alimchukia yule mwanamke aliyeshika mashine. Aliniambia hivyo, "yule mwanamke," kana kwamba alikuwa mtu mwingine aliyekodiwa.

Halafu akamkata. Kidogo tu, nyuma ya sikio, mahali ambapo ngozi ina mkunjo. Kwa mtu mzima wa afya ni jambo la kupuliza ukaendelea. Kwa Reino damu ilitoka, ikatoka, ikalowesha taulo moja na kuingia la pili. Lorna akalibana mpaka vidole vikafa ganzi, machozi yanamtiririka.

"Nisamehe, Baba. Nisamehe."

"Huko shuleni viazi unavimenya hivihivi?" mzee akauliza. "Masikini watoto wa watu."

Wiki hiyo ilikuwa ya dripu. Miezi yote mzee alikuwa havui kofia kwenye dripu, akisingizia baridi, lakini safari hii nesi alimvua, akasimama ghafla.

"Mzee, nywele! Tangu lini zinatoka?"

Reino akatazama dirishani. Nesi akainama, akaona kidonda. Akaanza kusema atamwita daktari, hii si kawaida kwa dawa hii, huenda wakasimamisha dripu ya leo mpaka wajue. Na Reino bado anatazama theluji kana kwamba haijawahi kunyesha. Lorna akaelewa kwamba baba yake hatasema. Angeacha wamsimamishie dawa, lakini hatamtaja binti yake.

"Ni mimi," Lorna akasema. "Nilimnyoa."

"Ulimnyoa kwa nini?"

Lorna akageuza uso. Pembeni kulikuwa na mwanamke kijana kwenye kiti chake cha dripu, hana kope, kichwa kitupu chini ya kitambaa cha maua. Huyo ndiye aliyepotewa na nywele kweli. Aliwatazama wote wawili, Lorna na mzee, kisha akafumba macho. Lorna anasema angechapwa makofi hadharani isingemuuma vile.

Nesi hakumhurumia. "Dada, chembe zake za kugandisha damu ziko chini. Kidonda kama hiki kikiingia uchafu, hatutazungumza habari za dawa tena, tutazungumza habari za mazishi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Nyumbani kuna wembe?"

"Mashine."

"Itupe."

Hakuitupa siku hiyo. Lakini hakuigusa tena, na nywele za Reino zikaanza kuota bila kuulizwa.

Wakati huo Lorna alikuwa anaanza kukosea jikoni, anatia chumvi mara mbili, anasahau mikate. Nilimuuliza kulikoni. Akasema hakuna kitu. Nikamwambia hakuna kitu hakiunguzi maharage namna hii. Akaenda kulia kwenye chumba cha friji, akarudi na pua nyekundu akidai ni baridi.

Ikafika Jumapili moja theluji inaanza kuyeyuka. Baada ya ibada tuko ukumbini na kahawa. Reino ameketi nyuma karibu na mlango, mbali na pumzi zetu, kofia mkononi. Nywele zimeota kiasi cha upana wa kidole, nyeupe, zimesimama wima. Ardis akamwona, akapaza ile sauti yake.

"Jamani, mtazameni mzee! Nywele hizo!"

Hakusema zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa jirani na Lorna. Akaweka kikombe chini. Mtu ambaye hajawahi kusema neno ukumbini tangu asome shairi la Krismasi akiwa mtoto, akasimama.

"Hazikuanguka," akasema. "Nilimnyoa mimi. Dawa yake haitoi nywele. Niliwasikia dukani, nikamnyoa ili mwone anaumwa. Nimemnyoa majira yote ya baridi. Mmetoa pesa zenu kwa uongo wangu. Baba hana kosa."

Ruben Pelkonen akaanza kuchunguza viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshika mkate wa iliki, sijui niutafune au niurudishe.

Ardis akaja, akamshika Lorna mabega, akamkalisha kama mtoto.

"Mwanangu," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia anaongea chini. "Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Siku ileile niliyosema ule upuuzi dukani, nilifika nyumbani nikampigia dada yangu wa mjini, aliugua hiyohiyo. Akanitukana kwenye simu. Akaniambia nywele hazitoki kwa dawa ile, mjinga wewe. Nikampigia Ruben, naye nikamtukana. Tulikuwa tumejiandaa, Jumamosi mzee akija na nywele zake, mtu akifungua mdomo tunamfunga na pasti." Akavuta pumzi. "Halafu mkaingia. Kipara. Barakoa imefunika pua na mdomo, kichwa kinang'aa, na hapo katikati, mwanangu, zile nyusi! Kama viwavi wawili. Hivi ulidhani kemo inachagua?"

Mtu mmoja akacheka na akajutia. Lorna hakucheka. Alikuwa amekuwa mweupe kama kitambaa cha meza.

"Mbona hamkuniambia?"

"Nikuambie nini? Nikuambie kwamba najua ulinisikia nikimsengenya baba yako? Niliona haya hata kukutazama. Ruben naye hivyohivyo. Kila tulipomwona mzee amenyolewa upya tulijua ni sisi, na kila mmoja akasubiri mwenzake aseme."

Majira yote ya baridi. Mji mzima ulijua, na kila mtu aliona aibu kwa upande wake, akanyamaza kwa adabu, na mzee wa watu akapigwa na baridi kichwani. Hata mimi hawakuniambia, kwa kuwa mimi na Lorna ni chanda na pete. Nilikasirika mpaka nikatia karoti kwenye pasti za Pasaka, makusudi, na wakazila kimya.

Lorna hakungoja kahawa ya pili. Alimchukua baba yake wakatoka. Yaliyosemwa garini aliniambia kesho yake, tukimenya viazi, bila kuinua uso.

Alikaa kwenye usukani, ufunguo mkononi. Hakuwa na hasira na Ardis. Alitamani ardhi ipasuke tu, immeze na gari lake. Kuumbuka ni jambo moja. Lakini kugundua kwamba uliumbuka zamani, na watu wakakustahi kwa huruma ukiwa unatembea kifua mbele, hilo hakujua alishike wapi.

"Baba," akasema mwishowe, "wewe ulijua kwamba wanajua?"

"Ruben aliniuliza siku ileile pale mlangoni. Akataka kujua kemo imeogopa nini kwenye nyusi."

"Siku ya pasti?"

"Siku ya pasti."

"Na ukaendelea kukaa kwenye kile kiti? Nilikukata, Baba. Wangekusimamishia dawa."

Reino alikuwa anatazama mbele, kwenye uwanja wa kanisa, watu wanatoka na kuinua mikono kuaga. Naye akainua wake.

"Ulikuwa hulali," akasema. "Nakusikia huko ghorofani unatembea juu ya kichwa changu, huku na huku. Ukishaninyoa, kimya mpaka asubuhi. Nikaona acha ninyolewe."

Kisha akamwambia awashe gari, miguu inaganda.